Kakangu wa Leicester kaambiwa DLA inakwisha aombe PIP: anyamaze, arudi Mombasa au ajaze?

Waalaykum salaam dadangu wa Kisauni. Meseji zako zote mbili nimezisoma, ile ndefu na ile ya usiku, na kwa vile wengi hapa Mombasa wana ndugu Uingereza wenye shida hiyo hiyo acha nikujibu kwa urefu.

Kwa wasiojua, swali lenyewe ni hili. Kakake ana miaka 52, yuko Leicester zaidi ya miaka ishirini na ni raia wa huko. Mwaka 2009 alianguka ghalani kazini akaumia mgongo na kichwa, tangu hapo ana kifafa na hutembea na bakora. Hulipwa DLA, yale malipo ya serikali kwa wenye ulemavu, upande wa kutembea kiwango cha juu na upande wa kuangaliwa kiwango cha kati. Sasa imemjia barua kwamba DLA yake yafungwa, akitaka aombe malipo mapya ya ulemavu yanaitwa PIP, na yeye kwa woga barua kaificha. Rafiki kamwambia asijibu watamsahau, mwengine kamwambia aje Mombasa atulie mpaka mambo yapoe, na dada huku yuwaogopa wakijua hutuma pesa za dawa za mama yao watamkata.

Mie kazi yangu London miaka mingi ilikuwa ni hiyo hiyo, kukaa na watu tukijaza hizi fomu na kuwasindikiza kwenye rufaa, kwa hivyo ntakayosema ni sheria za England. Kama mna binamu Glasgow anawapa ushauri mwambieni ahsante lakini asikilizwe kwa mambo ya Glasgow tu, manake Scotland wana malipo yao wenyewe tangu 2022, yanaitwa Adult Disability Payment, na waliohamishwa kule kutoka PIP hawakujazishwa fomu upya. Leicester si hivyo.

Nianze na ya haraka. Asinyamaze. Na asipande ndege sasa.

Ile barua juu ina tarehe, na kuanzia tarehe hiyo (si siku aliyoifungua, tarehe iliyoandikwa) ana siku 28 za kupiga simu DWP, ile wizara yao ya kazi na pensheni, aseme naomba PIP. Zikipita hajapiga, DLA husimamishwa. Wanampa tena siku 28 nyengine, akipiga ndani ya hizo malipo hurudi, asipopiga DLA hufungwa kabisa. Hakuna kusahauliwa hapo, kompyuta haisahau, na mtu wa namna hii hata rufaa yake huwa ngumu sana kwa sababu hakuna aliyemnyima, ni yeye hakuomba. Ataweza kuomba PIP baadaye kama mtu mpya lakini ile miezi ya katikati hapati hata peni moja na hawatamrudishia.

Akipiga simu sasa, DLA yaendelea kulipwa kama kawaida mpaka uamuzi wa PIP utoke, hata ukichukua miezi, na uamuzi ukitoka yaendelea tena siku 28 kuanzia siku ya malipo inayofuata, hata kama wamemnyima. Kwa hivyo hiyo simu anayoiogopa ndiyo inayomlindia pesa yake. Mwambie hivyo hivyo kwa maneno hayo.

Simu yenyewe si mtihani. Wataka jina, anwani, namba yake ya bima ya taifa, akaunti ya benki, daktari wake ni nani, amekaa nje ya nchi lini. Laini ziko wazi Jumatatu mpaka Ijumaa saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni kwa saa za kwao, na sie tuko mbele kwa saa mbili wakati wao ni kiangazi, saa tatu wakati wa baridi, kwa hivyo mkitaka kuwa pamoja kwenye simu panga saa. Weye huwezi kupiga peke yako ukajifanya ndiye, lazima yeye awe kwenye laini athibitishe ni yeye halafu aseme namruhusu dadangu anisaidie kuongea. Na kama Kiingereza cha ofisi chamsumbua aombe mkalimani, ni haki yake na ni bure. Wakati huo huo awaambie ushahidi wa zamani ulio kwenye faili lake la DLA nao uangaliwe, asidhani tu wataenda kuufukua wenyewe.

Kuhusu kuja Mombasa. PIP na DLA humruhusu mtu kuwa nje kwa muda, wiki 13, na wiki 26 kama ni kwa matibabu, na ukikaa zaidi ya wiki 4 wataka kuambiwa. Akihamia moja kwa moja PIP haimfuati Kenya, hiyo ijulikane. Lakini tatizo la sasa si hizo wiki, tatizo ni kwamba yeye akiwa Kisauni kwenu anakula mahamri, Leicester mlangoni inaingia barua ya kuitwa kwenye asesmenti, yaani kupimwa hali yake, tarehe inapita, na mtu asipofika bila sababu ya maana ombi hukataliwa na DLA nayo yaondoka. Aje baada ya uamuzi. Mamake yuwamtamani najua, lakini aje akiwa na moyo mtulivu.

La pesa za dawa. PIP haiangalii mshahara, haiangalii akiba, haiangalii mume au mke anapata nini, na haikatwi kodi. Ukishapewa ni yako, ununue mafuta ya gari, ulipe mtu akuoshee nguo, umtumie mamako, hakuna atakayekuuliza risiti. Kama mbali na hiyo apokea pia malipo mengine yale ya watu wa kipato kidogo, kama Universal Credit, huko kuna sheria za akiba na ni mazungumzo mengine. Lakini kwa PIP yenyewe ondoa hofu.

Sasa lenyewe.

Woga wa watu una sababu na sitaki kuwadanganya kwamba ni maneno ya barazani. DLA ilianza 1992, PIP ikatungiwa sheria 2012 na kuanza Aprili 2013, na serikali ya wakati ule ilisema waziwazi yataka kupunguza matumizi ya DLA ya watu wazima kwa asilimia 20. Ukianza na lengo hilo basi wajua kuna watu wataumia. DLA upande wa kuangaliwa ilikuwa na viwango vitatu, PIP ina viwili tu, kile cha chini kikapotea. Kutembea, watu walikuwa wamezoea kipimo cha mita 50, PIP kiwango cha juu kikawekwa mita 20. Watu wakapoteza magari waliyokuwa wakiyapata kwa hayo malipo ya kutembea, na kwa mtu wa mkongojo kijiji cha England bila gari ni jela. Lakini upande wa pili wapo pia waliopanda, hasa wale ambao DLA yao iliamuliwa zamani na hali ikazidi kuwa mbaya wakanyamaza. Kakako yaweza ikawa ni wa hawa. Kuangaliwa kiwango cha kati kilikuwa pauni 73.90 kwa wiki kwa mwaka wa fedha 2025/26, na PIP kiwango cha kawaida cha maisha ya kila siku kilikuwa hiyo hiyo 73.90, cha juu 110.40. Kutembea cha juu kilikuwa 77.05 kote kote, cha kawaida cha PIP 29.20.

Linalowaangusha watu wetu ni kudhani wanahamishwa. Hakuna kuhamishwa. Ni kama tulivyofanyiwa huku Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya serikali, ilipofungwa ikaja SHA, mtu ana kadi yake ya miaka akadhani jina lake limevushwa na kila kitu, kufika hospitali aambiwa ajisajili upya na apimwe kipato. PIP ni hivyo: ombi jipya kabisa, na kule kusema "lakini mlinipa tangu 2009" pekee yake hakumpi pointi hata moja. Pointi hupatikana kwa kueleza siku yake ya leo.

Basi wanahesabu vipi. Kuna mambo kumi ya maisha ya kila siku: kutayarisha chakula, kula na kunywa, kufuata dawa na matibabu, kuoga, choo, kuvaa, kuongea na kusikia, kusoma, kukaa na watu, na kuamua mambo ya pesa. Halafu mawili ya kutoka: kupanga na kufuata safari, na kutembea kwenyewe. Kila moja lina sentensi zake na kila sentensi ina pointi, unapewa ile moja inayokufaa, halafu za upande mmoja zajumlishwa. Pointi 8 ni kiwango cha kawaida, 12 ni cha juu. Za maisha ya kila siku hazichanganywi na za kutoka, kwa hivyo mtu mwenye 7 za maisha ya kila siku na 4 za kutoka ana 11 na hapati kitu. Ukatili, lakini ndo ulivyo.

Ona kwamba hakuna mahali palipoandikwa kifafa, wala mgongo. Jina la ugonjwa halina pointi. Wanachouliza ni waweza kufanya hili jambo au huwezi, na waweza vipi. Na hapo kuna maneno manne ambayo mie nilikuwa nawaandikia watu kwa kalamu nyekundu juu ya fomu, manake ni sheria yenyewe si ushauri: ukilifanya ulifanye kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, uweze kulirudia kila inapohitajika, na usichukue zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Likikosekana moja kati ya hayo manne basi kisheria hulifanyi. Na iwe hivyo zaidi ya nusu ya siku kwa mwaka.

Watu wa kifafa husikia "zaidi ya nusu ya siku" wakakata tamaa, kwamba mie huanguka mara moja au mbili kwa mwezi, zangu hazifiki. Hapana. Jiko la gesi na maji ya moto ni hatari kwake kila siku kwa sababu hajui siku ya kuanguka. Mahakama ya juu ya rufaa za malipo ililiamua hili 2017, kwamba kwenye usalama hauangaliwi tu uwezekano wa kudhurika ni mkubwa kiasi gani bali pia ukidhurika utadhurika vibaya kiasi gani. Mtu anayeanguka bila kupata dalili mbele ya sufuria ya mafuta yachemka, hata iwe nadra, huyo hapiki kwa usalama. Kwa hivyo aandike: huanguka bila onyo au hupata onyo? Hupoteza fahamu? Huchukua muda gani kurudi sawa? Kashawahi kuungua, kujing'ata ulimi, kuvunja jino, kuanguka bafuni? Mwaka gani, hospitali gani? Yote hayo.

Nikupe mfano kwa hali ulonieleza, usichukue kama ahadi. Kupika, akihitaji mtu amsimamie kwa ajili ya kifafa, pointi 4. Kuoga, akihitaji mtu wa kumsaidia kuingia na kutoka kwenye bafu lao lile la kuzama, 3. Kuvaa, umesema mkewe humvisha soksi na suruali kwa sababu hawezi kuinama, sehemu ya chini ya mwili, 2. Dawa, akikumbushwa, 1. Hapo tushafika 10, kiwango cha kawaida. Na kama choo hutumia kile kiti cha kunyanyua au vyuma vya kushikilia ukutani, 2, tumefika 12. Waona vile vitu vidogo vya aibu ndivyo vinavyomvusha mtu kutoka daraja moja hadi jengine, na ndivyo watu wetu hawavitaji.

Kutembea ni mita. Akiweza kwenda zaidi ya mita 20 lakini asizidi 50 kwa bakora, pointi 10. Akiishia 20 au chini yake, 12 moja kwa moja. Sasa mwanamume gani wa Mombasa ajua mita 20 ni wapi, muulize atakwambia "natembea kidogo". Mabasi mawili ya Nairobi yakiegeshwa yamefuatana, mkia kwa kichwa, hapo ushapita 20 tayari. Achukue mkewe wapime kwa hatua kutoka mlangoni, aone asimama wapi, kwa muda gani, maumivu yaanza wapi na kesho yake anaamkaje. Kufika si hoja, hoja ni kama angeweza kurudia tena hapo hapo bila kuumia. Na asisahau ile ya kufuata safari, wengi huiruka wakadhani ni ya vipofu, kumbe mtu ambaye hawezi kwenda njia asiyoijua bila mtu pembeni kwa sababu akianguka barabarani atagongwa hupata 10. Hizi mbili za kutoka zajumlishwa.

Jambo moja kuhusu lugha: lile jambo la kusoma na lile la kuongea hupimwa kwa lugha yako ya nyumbani. Kutojua Kiingereza hakuna pointi, asipoteze nusu ukurasa kuandika hilo.

Dada, sasa nikwambie kinachonitia hofu kwa kakako, na si DWP. Umeniandikia mwenyewe, "kakangu hapendi kulalamika, hata daktari akimuuliza husema alhamdulillahi". Hapo ndipo nilipoona watu wetu wakiangushwa, wazee wa Mombasa, wa Lamu, wa Zanzibar, Wasomali, wote. Mtu kalelewa kwamba maradhi husemi mbele ya wageni, kwamba kutaja choo mbele ya mwanamke kijana mwenye laptop ni kujivunjia heshima, kwamba kumtaja mkewe humvisha suruali ni kujidhalilisha. Yule mpimaji auliza, how are you today, jamaa ajibu niko sawa, na yeye aandika: alisema yuko sawa. Auliza, wapika? Ajibu ndio napika. Kumbe kupika kwake ni kukaa kwenye stuli akikoroga huku mkewe kakata kila kitu na kasimama nyuma yake. Aandika: hupika mwenyewe. Pointi sifuri, na wala hajasema uongo, kajibu adabu.

Hapo uwe mkali naye, weye dadake akusikilize. Kushukuru Mungu ni moyoni na kwenye swala, na kumweleza mtu hali yako alokuuliza kwa mujibu wa sheria si kunung'unika. Asianze jibu lolote kwa "ndio" wala "naweza". Aanze kwa nini hutokea: "nikijaribu kupika peke yangu, hutokea hivi". Na siku mbaya aieleze kama siku mbaya, siku afadhali kama siku afadhali, na ni ngapi kwa wiki.

Upande wa pili pia nauonya: asiongeze. Kuna jamaa humwambia mtu sema huwezi kutembea kabisa, aje kwenye asesmenti na kiti cha magurudumu cha kuazima. Wapimaji wanaangalia kila kitu, ulivyonyanyuka kwenye kiti, ulivyovua koti, mkoba umebeba mkono gani, na hata kwenye simu wanasikia ukipanda ngazi ukihema. Ukikamatwa kwenye moja la uongo, na yale tisa ya kweli hayaaminiwi tena, halafu ni kosa la jinai. Kakako hana haja, ukweli wake watosha akiusema wote.

Fomu yaja baada ya ile simu, ana mwezi mmoja tangu itumwe, na akiona muda hautoshi apige simu kuomba kuongezewa kabla haujaisha, si baada. Asijaze kwa siku moja. Usimjazie weye ukiwa Kisauni kwa kukisia, lakini unaweza kufanya kitu kimoja ambacho huyo mke wake alochoka hana nafasi nacho: kila usiku kwa wiki mbili mpigie WhatsApp umuulize leo uliamka saa ngapi, nani kakuvisha, umeoga, umetoka, uliumwa wapi, umeanguka? Andika na tarehe. Hiyo ndo shajara yake, na shajara ya tarehe kwa tarehe ina nguvu kuliko barua ya daktari isemayo "mgonjwa huyu namjua". Mkewe naye aandike ukurasa wake mwenyewe, ayaonayo kwa macho yake.

Ushahidi wapeleke nakala, si asili, na asingojee DWP wamwandikie daktari wake kwa sababu mara nyingi hawamwandikii. Barua za kliniki ya kifafa, orodha ya dawa, ripoti ya yule mtaalamu aliyekuja kuweka vyuma bafuni kama alikuja, rekodi za kupelekwa hospitali na ambulansi. Kila karatasi aandike jina na namba yake ya bima. Apige picha fomu nzima kabla ya kuituma. Nzima.

Asesmenti hufanywa na kampuni za kibinafsi zilizopewa kandarasi, na mpimaji ni nesi au fiziotherapisti au mtu wa fani kama hizo, si lazima ajue kifafa. Yaweza kuwa kwa simu, video, ofisini au nyumbani. Mkewe awepo, yuwaruhusiwa kuongea. Aweza kuomba irekodiwe, aombe mapema. Anayeamua mwisho ni ofisa wa DWP na wala si yule mpimaji, ingawa kwa kweli mara nyingi hufuata ile ripoti neno kwa neno.

Wakimnyima au wakimpa kidogo, asilie bado. Ana mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba waangalie upya. Aombe kwa maandishi, na aombe nakala ya ripoti ya mpimaji, halafu mkae mpinge pointi kwa pointi: hapa umenipa 0, ilitakiwa 4, sababu hii, ushahidi huu. Hatua hii mara nyingi hujibiwa vile vile, hapana, na hapo ndo watu wengi huchoka wakaacha. Asiache. Ana mwezi mwengine kwenda kwenye baraza la rufaa, ambalo si la DWP, ni mahakama huru, hulipi kitu, wanakaa watatu: hakimu, daktari na mtu mwenye ujuzi wa maisha ya ulemavu. Zaidi ya nusu ya wanaofika mbele ya hilo baraza hushinda, miaka kadhaa imekuwa karibu saba kati ya kila kumi. Mie nimewaona wazee walioambiwa pointi sifuri wakitoka pale na kiwango cha juu kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu kawauliza swali akangojea jibu. Tahadhari moja tu, wanapoangalia upya huangalia yote, kwa hivyo kama kapewa upande mmoja vizuri na ataka kupigania wa pili apate ushauri kwanza.

Ushauri ni bure. Citizens Advice wapo Leicester, aende mapema kwa sababu nafasi zao hujaa. Asimlipe mtu yeyote kwa kujaza fomu, na asimpe mtu pasiwadi wala asilimia ya malipo.

Na mkewe: kama apokea lile posho la mwangalizi, lililokuwa pauni 83.30 kwa wiki mwaka wa fedha 2025/26, lategemea PIP ya maisha ya kila siku. Kakako akikosa upande huo, na la mkewe laenda. Ndo maana nasema asipiganie tu gari na kutembea kama wanaume wengi wanavyofanya, ule upande wa sufuria na soksi ndio unaoshika nyumba.

Ule ujumbe ulionitumia wa WhatsApp, kwamba sasa mpaka uwe na pointi 4 kwenye jambo moja la sivyo hupewi, ulikuwa mpango wa serikali wa 2025, wabunge wao wengi wakaupinga na Julai mwaka huo ukaondolewa kwenye mswada, wakaanzisha mapitio ya PIP yanayoongozwa na waziri Stephen Timms. Kwa hivyo sheria ya kujazia sasa ni ile ile ya pointi 8 na 12. Wacha kuusambaza.

Leo usiku mwambie aitoe hiyo barua alikoificha akutumie picha ya ukurasa wa kwanza, uone tarehe, hesabu 28. Kama zimebaki chache apige kesho asubuhi wakifungua. Kama zimepita bado apige kesho, aeleze kwa nini kachelewa, na kama ugonjwa ndio sababu aseme ni ugonjwa. Na siku uamuzi utakapotoka niandikie tena na unitumie kurasa zote, manake ukurasa wa kwanza huwa na salamu na pesa tu, pointi ziko ndani.